Riwaya Hupimwa kwa Hasara

Shuleni tulifundishwa kuhakiki riwaya kwa dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kisha tukaandika insha za kurasa nne ambazo wenyewe hatukuziamini. Sasa sina tena mwalimu wa kunisahihisha, nami nimejitungia mizani yangu: riwaya naipima kwa hasara iliyonitia. Kitabu kinachopita nyumbani kwangu bila kuunguza sufuria, bila kunipitiliza kituo na bila kunigombanisha na ndugu hata mmoja, nakirudisha kabatini kwa heshima zake zote na sikikumbuki tena.

Tangu nianze kusikiliza vitabu kwa hedifoni, mizani hiyo imefanya kazi ya ziada. Kitabu cha karatasi kina staha, kinakaa mkononi kikisubiri macho yako. Cha sauti hakisubiri mtu, na kikishafunguliwa mdomo hakijui nani kakusudiwa na nani hakukusudiwa.

Nianze na Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini. Born a Crime kilitoka mwaka 2016, na toleo la kusikiliza anasoma mwenyewe, akihama kutoka Kiingereza kwenda Kixhosa, Kizulu na Kiafrikana bila hata kumeza mate. Katika sura ya kwanza, dereva wa basi dogo anawatishia maisha njiani, na mama yake Trevor, akiwa amembeba mtoto mchanga, anamsukuma Trevor nje ya gari lililo mwendoni, kisha na yeye anaruka. Sura hiyo iliniingia masikioni nikiwa nimesimama mlangoni mwa daladala la Mbagala. Palepale konda akapaza sauti, "Wa mlangoni sogea, tunashusha!" Mwili wangu haukusubiri maelezo. Nilimkumbatia mtu wa karibu yangu, na mtu wa karibu yangu alikuwa mzee aliyepakata trei ya mayai. Yale ambayo hayakuvunjika alinikabidhi, kwa kuwa trei nzima nililipa mimi. Hukumu: kitabu kizuri mno, kisikilizwe umeketi kiti cha nyuma kabisa.

Becoming cha Michelle Obama, cha mwaka 2018, kina saa 19 za sauti yake mwenyewe, na usomaji huo ulimpatia tuzo ya Grammy. Ni shangazi wa kichen pati mwenye shahada ya sheria ya Harvard: anakwambia ukweli wa ndoa taratibu, bila kukemea, mpaka unajikuta unaitikia kwa kichwa mbele ya beseni. Nilikipangia kazi ya kufua. Nguo zetu zilikwisha hata Chicago hatujatoka. Nikafua mapazia, nikafua mito, nikagonga kwa jirani kuuliza kama hana cha kufuliwa, na tangu siku hiyo ananitazama kwa huruma, anadhani mambo yetu ya fedha yameharibika. Hukumu: kitabu chema, ila uwe na familia kubwa.

Mpwa wangu, mwanachuo, hana shida hizo kwa sababu husikiliza kila kitu kwa kasi mara mbili. Kwake wahusika wote huongea wakihema, mapenzi yanachipua kituo cha Rangi Tatu na kuvunjika cha Mtongani, na mtu hufa, huzikwa na kurithiwa kabla ya taa za Bendera Tatu. Anajisifu kwamba humaliza vitabu vingi. Ukimuuliza kinahusu nini hicho alichomaliza jana, anasema, "Mambo ya familia, mamdogo."

Sasa nifike kwa Agatha Christie, ambaye kwa mizani yangu anaongoza waandishi wote wa nchi za nje. Wazee wa ukweni walikuja kwa kikao cha shamba la ukoo. Mimi nilikuwa jikoni natia iliki kwenye chai ya maziwa, hedifoni masikioni, nikisikiliza The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ya mwaka 1926. Mwanangu wa kiume, kwa nia safi kabisa, akawasha spika ya sebuleni awawekee wazee kaswida. Simu yangu ilipoisikia ile spika, ikaniacha mimi na masikio yangu ikahamia kwa wageni. Ilikuwa imefika pale dada wa daktari anaposhikilia kwamba yule mjane wa kijijini ndiye aliyemuua mumewe kwa sumu.

Pengine yangepita hivihivi, maana Kiingereza kile kilikuwa cha Uingereza kwenyewe. Lakini mmoja wa wazee ni mwalimu mstaafu, na akajitolea kutafsiri. Alipomaliza neno "sumu", mimi nikatokea mlangoni na sinia la vikombe.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mjomba wa mume wangu, ambaye kwa kawaida hunywa kwanza ndipo akasalimia, alisema amefunga. Asubuhi ile tulikuwa tumemwona na vitumbua. Mwalimu mstaafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayesimamia mtihani, kama sukari nimeweka mwenyewe. Ikabidi mume wangu achukue kikombe cha kwanza, akinywe chote mbele ya ukoo wake, na hapo nilimpenda upya. Wazee walimtazama kwa muda wa kutosha, wakaona bado anapumua, wakanywa. Chai ilikuwa imeshapoa na shamba halikugawanywa siku hiyo. Hukumu: Christie ni fundi asiye na mfano, lakini asisikilizwe na mtu anayewapikia wakwe.

Riwaya hiyohiyo ina historia ya heri kuliko niliyoipatia mimi. Mwaka 1935 ilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kurekodiwa kwenye santuri huko Uingereza kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Wamarekani walikuwa wameanza mwaka uliotangulia. Vitabu vya sauti, basi, vilitengenezwa kwanza kwa watu ambao macho yao yalikuwa yamekataa kusoma. Sisi wa hedifoni za kwenye daladala tumedandia tu.

Na mtu wa namna hiyo ninaye nyumbani. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Pangani, alikuwa msomaji hodari hadi herufi ndogo zilipomkimbia. Aliposikia kwamba simu inaweza kusoma vitabu, akaagiza hadithi za mpelelezi Bwana Msa. Nilimtafuta Bwana Msa wa kusikiliza nikaambulia patupu. Mwanangu akazipiga picha kurasa za mwanzo za kitabu akaiamuru simu isome. Ikasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, ikigonga kila silabi ukutani. Ilipofika kwenye ng'ombe ikatamka "enji ombe", ikanyamaza, ikajaribu tena. Mama mkwe akasikiliza kwa subira kisha akasema, "Mgonjwa huyu mpeni maji kwanza." Kazi ikanirudia mimi.

Tulianza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Bwana Msa ni mpelelezi wa Kizanzibari asiyetengana na kiko chake, na rafiki yake Najum naye hatengani na yeye. Mama mkwe alimtilia shaka Najum tangu mwanzo.

"Huyu Najum kazi yake nini?"

"Ni rafiki wa Bwana Msa, mama."

"Rafiki! Kila penye maiti yupo. Na amkamate."

Nilipofika mwisho na mhalifu wa kweli akajulikana, alikataa hukumu. Tukafungua Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, na Najum akatokea tena, mzima, hana pingu. Mama mkwe akapiga paja. "Si nilisema? Wamemwachia, na sasa pameharibika tena." Nimesoma wahakiki wengi wa riwaya za upelelezi, na sijaona aliyeuliza swali gumu kuliko hilo. Hukumu: sentensi za Muhammed Said Abdulla ni tamu zaidi mdomoni kuliko kwenye macho. Watu wake wanaongea kwa mizaha na mikato ya barazani, na ukiyasoma kimya yale mazungumzo unakula pilau kwa kulitazama.

Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, nilikichagua mwenyewe, maana nilikuwa nimeona filamu yake ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Anamkimbia, na huko Unguja mjini anakutana na Denge, kijana mpigania uhuru ambaye serikali ya Mwingereza inamtafuta kwa tochi. Mpaka hapo ni kitabu cha kumsomea mama mkwe. Kisha Yasmin na Denge wanapendana, na Adam Shafi si mwandishi wa kuwafungia watu wake dirisha. Nilipoona ukurasa unaelekea kubaya nikashusha sauti, nikakohoa, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Mbona umeruka?"

"Karatasi zimegandana, mama."

"Zigandue. Kwani hao watoto niliowazaa niliwaokota?"

Nikagandua. Nilisoma nikiangalia dari, jambo ambalo si rahisi. Alipojua jirani kwamba kuna kitabu cha namna hiyo, kesho yake akaja na mkeka, na keshokutwa akaja na dada zake. Hasara ya Vuta N'kuvute ni sukari ya mwezi mzima. Ukiniuliza, ndiyo riwaya bora ya Zanzibar kwa kusomwa barazani: siasa kwa wanaotaka siasa, mapenzi kwa waliokuja na mkeka.

Wageni walipozidi nilikumbuka jambo alilolieleza Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake ya Kikuyu ya mwaka 1980, ambayo Waswahili tunaijua kwa jina la Shetani Msalabani, ilikuwa ikisomwa kwa sauti majumbani na hata kwenye baa za Kenya. Msomaji wa baa alikuwa akifika penye utamu anaweka kitabu chini mpaka glasi yake ijazwe. Nami nikaanza kukatiza hadithi polisi wakiwa mlangoni kwa Denge, nikaondoa miwani, nikasema vyombo vya mchana havijaoshwa. Havikuwahi kuoshwa kwa kasi ile. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu fasihi ililipa.

Hasara ikaja kutoka upande nisioutarajia. Nilisoma Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, ambacho sentensi zake zimepimwa kwa sikio kabla ya kupimwa kwa kalamu. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea mbele ya baraza la mfalme kwa visa vya wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni, na nilidhani anachezea simu. Siku ya pili nikamtuma dukani kununua mafuta ya taa. Akasimama katikati ya sebule, akaweka mkono kifuani, akaomba ruhusa ya kujitetea. Alipokuwa anamalizia kisa cha mjumbe wa tatu, aliyetumwa dukani akarudi na majeraha, duka lilikuwa limefungwa. Bibi yake alitoa uamuzi kwamba kijana ana hoja. Hukumu: kitabu hiki kisisomwe mbele ya mtu mwenye umri wa kutumwa.

Cha mwisho kilikuwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994. Yusuf, mtoto mdogo, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Kitabu hiki hakiendi na kazi nyingine yoyote. Ukikatakata mboga huku unakisoma, utakatakata kidole. Baraza lilinyamaza, hata mikeka haikulalamika. Jirani mmoja, ambaye mama mkwe anamdai fedha za vitenge, alisikiliza akimtazama mwanawe, na baada ya siku hiyo hakumtuma tena kwetu kuomba chumvi. Wiki iliyofuata deni likalipwa lote. Katika vitabu vyote nilivyovitaja, ni hiki tu kilichotuingizia fedha.

Hukumu ya jumla ninayoitoa ni hii: riwaya zetu nyingi nzuri zimeandikwa na watu waliokulia kwenye hadithi za kusimuliwa, na zikisomwa kwa sauti ndipo zinapofika zilikokuwa zinakwenda. Wachapishaji wanaomiliki vitabu hivi wawaite waigizaji wa redio, wawalipe vizuri, waturekodie. Mafundi wa sauti wapo. Kizazi kizima nchini kwetu kilikua kikimsikiliza Deborah Mwenda katika kipindi cha redio cha Mama na Mwana. Mpaka watakapofanya hivyo, sauti unayo wewe. Mtafute mzee aliyekimbiwa na herufi, uanze naye Bwana Msa, usome taratibu. Na akimshuku Najum, usimtetee.