Mwongozo wa Kuikwamua TV Iliyogoma Kwenye Wi-Fi

Sharti la kwanza la kazi hii ni kuwa na TV isiyo na ubaya wowote. TV mbovu kweli haifai hapa. Inayotakiwa ni ile yenye picha safi na sauti nzuri, ila programu moja ya filamu imeanza kuchelewa kufunguka. Mtu asiye na ndugu angeifuta programu hiyo, akaipakua upya, akaendelea na maisha yake. Wewe una mpwa. Kila ukoo una kijana mmoja anayejua mambo ya kompyuta, na ana dawa moja kwa maradhi yote: "Anko, hii tunairisiti tu."

Mruhusu, na ikiwezekana chagua siku ya mechi ya Simba na Yanga. Kuirudisha TV kwenye hali ya kiwandani kunafuta pasiwedi ya Wi-Fi, akaunti, programu, chaneli ulizozipanga, wakati mwingine hata saa. Kitakachobaki salama ni tatizo lenyewe, maana mara nyingi lilikuwa kwenye ruta, na ruta haijaguswa na mtu.

TV ikiwaka upya itakuuliza unatumia lugha gani, kisha uko nchi gani. Hapa wapo wanaochagua Marekani, wakiamini kwamba programu za huko ni nyingi na tamu zaidi. Ni uamuzi mzuri kama hutaki kuiona Wi-Fi yako tena. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ruta za sehemu kubwa ya dunia zinaweza kurusha kwenye chaneli ya 1 hadi ya 13. Marekani wanaishia ya 11. TV iliyoambiwa iko huko inaweza kufuata taratibu za huko, na ikiwa ruta yako imejichagulia chaneli ya 13, jina lake halitatokea kwenye orodha hata uisogeze TV mpaka ziguse. Chagua Tanzania. Kama haimo, na kwenye TV zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko mengine mara nyingi haimo, chagua Kenya au Afrika Kusini. Hutapoteza uraia.

Sasa inakuja orodha ya mitandao, na ndipo unapowafahamu majirani: aliyeipa Wi-Fi yake jina la kifungua mimba wake, aliyeandika "Nunua Yako", na yule ambaye hadi leo anatumia jina lililotoka na ruta dukani. Tafuta ya kwako, ubonyeze, na ujiandae kuandika.

Kuandika pasiwedi kwa rimoti ni kazi ya watu watatu. Mwenye macho mazuri anaisoma kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta, ambako sifuri na O hazina tofauti, na moja na L ndogo nazo zimefuata mkondo huohuo. Kijana anabonyeza mishale. Baba mwenye nyumba anasimamia, kazi yake ikiwa ni kusema "hapana, hiyo ilikuwa kubwa" baada ya herufi ya tisa. Betri za rimoti zizungushwe kwa kidole gumba kila baada ya muda. Hakuna ajuaye kwa nini inasaidia, lakini inasaidia. Wapo watakaokwambia kwamba pembeni ya kisanduku cha kuandikia kuna alama ya jicho, ukiibonyeza utaziona herufi badala ya vidoti, na kwamba TV nyingi zina tundu la USB linalokubali kibodi au mausi ya kawaida ya kompyuta. Ni kweli. Ila ukiwasikiliza, baba atakosa cha kusimamia.

TV ikisema pasiwedi si sahihi, iamini. Hiyo ni mojawapo ya mara chache inapokueleza tatizo kwa jina lake.

Baada ya hapo kinakuja kiduara. Kinazunguka, chini yake pameandikwa kwamba inaunganisha. Kukikodolea macho kunasaidia. Kumwita jirani naye aje akikodolee kunasaidia zaidi. Kiduara hicho hakina habari yoyote ndani yake. Kingezunguka vivyo hivyo hata kama ruta imezimwa na kufungiwa kabatini. Kati ya TV yako na filamu kuna hatua kama tano: TV iione ruta, ruta iipe anwani, ruta itoke nje kwenye intaneti, jina la tovuti ligeuzwe kuwa namba, kisha seva ya mtengenezaji na TV zikubaliane kwamba zinaaminiana. Hatua yoyote ikikwama, jibu ni kiduara kilekile. Ni ofisi yenye madirisha matano na karani mmoja anayesema "njoo kesho" kwenye yote.

Kwa hiyo iache TV kidogo, ushike simu. Zima data ya simu, iunganishe kwenye Wi-Fi ileile, ufungue ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Usipofunguka, TV haina kosa. Bando limeisha. Watu wamezifungua TV, wamebadilisha ruta, wamenuniana ndani ya nyumba, na muda wote huo bando lilikuwa limeisha. Au halijaisha, lakini kebo imekatika baharini: Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu upande wa kusini wa bara, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwingineko Afrika Mashariki. Bila shaka kuna TV kadhaa zilizorudishwa kiwandani siku hiyo bila hatia.

Kama simu ilikutaka uandike kwanza namba ya vocha, umelipata jibu bila jasho. Wi-Fi za mtaani zinazouzwa kwa vocha hufungua ukurasa wa kuingizia namba, na TV iliyokwama kwenye usajili haina mahali pa kuufungulia ukurasa huo. Itaandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na itakuwa inasema kweli. Mpigie mwenye mtandao. Mazungumzo huenda hivi:

"Kaka, vocha yako haikubali kwenye TV."
"Ingiza namba tu, dada yangu."
"Niingizie wapi?"
"Pale inapokwambia uingize."
"Haijaniambia."
"Basi irisiti."

Usiirisiti. Mwombe aiandikishe TV yako upande wake kwa kutumia anwani ya MAC, ule mfuatano wa herufi na namba unaopatikana kwenye ukurasa wa hali ya mtandao au kwenye kibandiko cha nyuma. Akishaiandikisha, itapita bila kuulizwa vocha. Kama haelewi unasema nini, umejua kwa nini vocha zake ni bei rahisi.

Ukurasa huohuo wa hali ya mtandao ukionyesha anwani inayoanza na 169.254, TV imeomba anwani kwa ruta, imenyimwa, ikajipachika yenyewe. Izime ruta, uiwashe. Ruta ndogo za mfukoni zina kikomo cha vifaa, na ndani ya kikomo hicho wamo watoto wa jirani uliowapa pasiwedi wakati wa sikukuu.

Kuna jambo moja ninalolipenda kuliko mengine yote kwenye shughuli hii, nalo ni saa. TV iliyofutwa kumbukumbu, au iliyokaa muda mrefu bila umeme, inaweza kuamka ikiamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde kuanzia siku hiyo, na ikikosa pa kuanzia inaanzia sifuri. Sasa, kila seva inayozungumza kwa usiri ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. TV iliyo mwaka 1970 inakikagua cheti, inakuta kitaanza kutumika zaidi ya miaka hamsini baadaye, na inakikataa kwa uadilifu mkubwa. Wi-Fi ipo, intaneti ipo, TV inakataa. Na ina haki: mwaka 1970 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na iliendelea hivyo hadi 1994. TV imejikuta mahali ambapo kazi yake haijabuniwa. Tafuta mipangilio ya tarehe, uiweke kwa mkono, ujaribu tena.

Ugonjwa huohuo unakuja pia kinyume chake. TV ina saa sahihi, lakini orodha yake ya vyeti vya kuaminiwa imezeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti-mama kimoja kiitwacho DST Root CA X3 kilifikia mwisho wake, na vifaa vingi vya zamani vikaanza kuzikataa tovuti zilizokuwa zikifunguka juzi yake. Dawa hapo ni toleo jipya la programu ya TV, lililopakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli na kubebwa kwa flashi iliyofomatiwa FAT32. Kama mtengenezaji hana tovuti, na jina lake linafanana na la kampuni maarufu isipokuwa herufi moja, pole.

Watu wenye haraka hutumia hotspoti ya simu. Njia nzuri, ila simu za kisasa hupenda kurusha kwenye gigahezi 5, na TV nyingi za bei nafuu zinajua 2.4 peke yake. Kwenye mipangilio ya hotspoti ya Android chagua 2.4, iPhone ina swichi ya kuongeza upatanifu, iwashe. Kama ulinzi umewekwa WPA3, urudishe WPA2. Kisha kaa chonjo, kwa sababu TV ikipata tu intaneti jambo la kwanza itakalofanya, bila kubisha hodi, ni kujipakulia toleo jipya kwa bando ulilonunua ili uongee na mama kijijini.

Kuchomoa TV ukutani ni tiba ya kweli, si ushirikina. Kuizima kwa rimoti kunailaza tu. Kumbukumbu zilizochanganyikiwa zinabaki macho. Chomoa waya, shikilia kitufe cha kuwashia kilicho kwenye TV yenyewe kwa nusu dakika, subiri kidogo, rudisha. Kwa wengi wetu sehemu ya kwanza ya zoezi hili hutekelezwa bila kuombwa, Luku inapoisha.

Ikifika hapo bila mafanikio, mjumbe mmoja wa familia atapendekeza fundi. Fundi ataingia, ataitazama TV kwa nyuma, na kabla ya kuiwasha atatamka: "Bodi." Mwombe kwa heshima aweke simu yenye hotspoti kando ya TV. Kama orodha ya mitandao inabaki tupu kabisa, huenda ana haki kidogo, maana kifaa cha Wi-Fi ndani ya TV huweza kufa. Lakini kifo chake si kifo cha bodi. Waya wa LAN kutoka kwenye ruta unakivuka, na kidude cha kuchomeka kwenye HDMI kinakuja na Wi-Fi yake chenyewe. Orodha ikijaa majina ya majirani, mkaribishe fundi chai na umsindikize.

Nimechelewa makusudi kutaja kitufe kimoja. Kipo chini ya ukurasa wa Wi-Fi, kwa herufi ndogo za kijivu: Ruka, au Weka Baadaye. Kwenye TV za Google kinaitwa TV ya kawaida. Hakikufichwa kwa bahati mbaya. TV isiyounganishwa imeshamaliza kumwingizia mtengenezaji pesa siku ulipoilipia. Iliyounganishwa inaendelea kumlipa kila jioni, kwa matangazo na kwa taarifa za unachotazama. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri lililohusu TV milioni 11 zilizokuwa zikirekodi wanachotazama wenye TV bila ridhaa yao. Ndiyo maana ukurasa wa Wi-Fi una kitufe kikubwa cha bluu cha kujaribu tena, na kitufe cha kutoka kinahitaji miwani.

Bonyeza Ruka. Vitakuja visanduku vya kukubali masharti. Vile vinavyosema "kuboresha huduma" viondolee alama. Itakuomba barua pepe, ambayo ilifunguliwa na kijana wa duka la simu aliyeondoka na pasiwedi yake; ruka na hiyo. Itakuuliza kama una uhakika. Una uhakika. Sasa nenda HDMI 1, washa king'amuzi, usogeze kiti. Mechi imefika dakika ya sabini.