Kuusifu Mnara Mkongwe wa Taa

Washairi wetu wamekwisha kuusifu mwezi, mnazi, jahazi na wanawake wazuri, na wengine wamejasiri hata kuwasifu watawala. Lakini sijapata kumsikia mtu aliyesimama kwa taadhima akausifu mnara mkongwe wa taa ya bahari, ule usio na mlinzi wala bomba la maji, uliosimikwa juu ya mwamba ambao kila nahodha mwenye akili timamu huupita kwa mbali, na ambao serikali ya Marekani, kwa ukarimu usiopata bado shukrani unazostahili, iko tayari kumwachia raia yeyote mwenye fedha kidogo na matumaini mengi. Kazi hiyo naichukua mimi, kwa sababu shemeji yangu amenunua mnara mmoja katika pwani ya Maine, ambako riziki ilitutupa sisi watu wa Mvita, na kwa sababu katika ukoo wetu wote mwenye mashua ni mimi peke yangu.

Ifahamike kwanza jinsi neema hii inavyopatikana. Kwa sheria ya mwaka 2000, iliyotungwa ili kuihifadhi minara ya kihistoria, mnara ambao serikali haiuhitaji tena hutolewa kwanza bure, bila hata senti moja, kwa idara nyingine za serikali, kwa majimbo, kwa miji na kwa jumuiya zisizotafuta faida. Na hao wote wakishautazama, wakapiga hesabu, kisha wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine, ndipo hunadiwa hadharani. Bei za minada hiyo zimekuwa toka dola 10,000 hadi dola 933,888, fedha zilizolipwa mwaka 2013 kwa mnara wa Graves ulioko katika lango la bandari ya Boston. Mtu mwenye tabia ya kushuku angeuliza kwa nini kitu kilichokataliwa na umma wote huo bure kinunuliwe kwa fedha. Shemeji yangu hana tabia hiyo. "Shemeji," aliniambia, "kwa bei hii mjini hupati hata banda la gari." Ni kweli hupati, ila banda la gari halipigwi na mawimbi mlangoni.

Sasa fadhila zake. Iliyo kuu kupita zote ni kwamba mnara humwokoa mwenyewe na hatari za utajiri. Wanachuoni wametufundisha kwamba zaka ya fedha haimwajibikii mtu mpaka mali yake ifike nisabu, yaani thamani ya mithkali ishirini za dhahabu, na mpaka ikae mkononi mwake mwaka mzima. Na tangu hukumu hiyo ilipofika katika pwani yetu waja wamehangaika na hesabu zake, baadhi kwa ikhlasi, na baadhi kwa kutafuta vichochoro. Mwenye mnara hahitaji hesabu wala kichochoro. Fedha zake hazitimizi mwaka, wala hazitimizi mwezi: dola iliyoingia Jumatatu, Jumatano imekwisha kuwa ngazi ya chuma, na Jumamosi ngazi imechukuliwa na wimbi. Si hivyo tu, bali amepandishwa daraja akatoka katika watoaji akaingia katika wapewaji, kwa kuwa akitafutwa katika mafukara yumo, katika maskini yumo, katika wenye madeni ni imamu wao, na kwa vile hukwama mwambani kila bahari ichafukapo, asiweze kwenda mbele wala kurudi, sioni ni kwa hoja gani atanyimwa fungu la msafiri aliyekatikiwa njiani. Mtu mmoja kukusanya mafungu manne katika yale manane ni jambo ambalo sijalisoma katika kitabu chochote cha fikihi. Na ningemwongezea la tano, la watumwa wanaotaka kujikomboa, lau si kuwa mtumwa wa mnara ule ni mimi. Hata jamaa wa nyumbani, ambao kila mwisho wa mwezi walimpigia simu kwa habari za karo na mabati, siku hizi humwuliza hali tu wakaaga. Na mjomba mmoja, asiyejulikana kwa kutoa, amejitolea kumchangia.

Fadhila nyingine nazitaja upesi. Ngazi zake huimarisha magoti. Shakwe huleta mbolea bila kuagizwa. Rangi zake za kale, zilizochanganywa na risasi, humfundisha mtu kufunga kinywa. Wala hakuna hatari ya kulala kupita kiasi, maana baragumu ya ukungu, ambayo mnunuzi amekubali kwa mkataba kutoigusa, nahodha yeyote apitaye aweza kuiamsha kwa kubonyeza redio yake mara tano, ikalia nusu saa au saa nzima, hata kama mbingu ni nyeupe na nahodha alitaka tu kuwafurahisha wajukuu zake.

Na taa je? Taa haikuuzwa. Hili nimelisoma katika hati kwa macho yangu na bado linanichoma. Kuta zimeuzwa, nyufa zimeuzwa, kutu imeuzwa, lakini taa iliyo juu ni ya walinzi wa pwani, pamoja na sahani zake za umeme wa jua, nao wana haki ya kupanda kwenda kuitazama watakapo. Huku mwenye mnara, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba taa ya watu haianguki, chini yake anasoma barua za madai kwa kandili. Tena hiyo taa yenyewe si kile kioo kikubwa alichokibuni Mfaransa Fresnel miaka mia mbili iliyopita, ambacho mtu angeweza kusamehe mengi kwa kukitazama tu. Kile cha Graves kimo makumbusho ya Smithsonian. Hapa juu pamewekwa kidude kisichozidi debe.

Kisha akaja afisa wa mambo ya kale, akaikemea saruji iliyopakwa kutani. Mimi nimekulia katika nyumba ya matumbawe na chokaa, na sihitaji kufundishwa kwamba saruji hulitesa jiwe la kale, kwa kuwa huufungia unyevu ndani, na unyevu ukiganda wakati wa baridi hupasua ukuta. Afisa alisema kweli tupu. Lakini saruji ile ilipakwa na nani, kama si na hao hao waliokuwa wakiutunza mnara kabla ya kuuza? Leo mnunuzi anaamriwa aibandue kwa patasi, kwa gharama yake, baada ya kuomba kibali cha kuibandua; na kibali kikalala mezani kiangazi chote, hali kiangazi ndiyo majira pekee ambayo katika nchi ile chokaa huweza kushika kabla ya barafu. Mwaka 1896 Waingereza waliupiga mizinga mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib, Unguja, ukaharibika usitengenezeke, katika vita visivyotimiza saa moja, na sijasikia kwamba walimwomba mtu kibali. Na Ibn Battuta alipofika Iskanderia mwaka 1326 aliukuta ule mnara mashuhuri umebomoka upande mmoja, na aliporudi mwaka 1349 hakuweza hata kuingia mlangoni. Kisha katika karne iliyofuata Sultani Qaitbay akajenga ngome palepale. Huyo ndiye mmiliki pekee wa mnara mkongwe ambaye tarehe imemhifadhi kwa heshima.

Lakini afisa angalau analipwa mshahara kwa kutuudhi. Wanaonishinda mimi ni jumuiya ya wapenzi wa mnara. Iko mjini, ina mwenyekiti, ina vikombe vyenye picha ya mnara, na kila mwaka hufanya karamu ya samaki ambapo hotuba husomwa juu ya urithi wa vizazi vijavyo. Hao ndio walioandikiwa kwanza kwamba mnara ni wao, bure, wauchukue. Wakakutana, wakahuzunika, wakaukataa. Tangu ulipopata mwenyewe mapenzi yao yameongezeka. Wameandika kulalamika kwamba mlango umepakwa wekundu usiokuwa ule wa zamani. Wameandika kuuliza kwa nini bendera haipandishwi. Mfuko mmoja wa chokaa hawajaandika kuuleta. Na juma lililopita wameandika tena, kwa maneno matamu, kwamba wanachama wangependa kwenda kuuzuru, na je, yule bwana mwenye mashua hataona taabu kuwavusha? Nimewajibu kwa adabu zote kwamba chombo changu huchukua watu sita, au watu wawili na mifuko ya chokaa, na kwamba safari za watu sita zimekwisha.