Koti la Mzee na Franjipani Yangu

Jumamosi iliyopita msemaji wa ukoo wa mchumba wangu aliingia kwetu Birere, mtaa wa jiji lililo kati ya volkano na ziwa, akatupa mkono sote, akavua koti lake la suti, akageukia kona ya dirishani na kulitundika juu ya mti wangu. Kisha akatundika kofia. Kisha fimbo, maana ni mzee mwenye mpango.

Mti wenyewe ni franjipani. Umesimama ndani ya ndoo ya rangi, urefu wa kifua cha mtu, na siku hiyo haukuwa na jani hata moja. Baba mdogo, aliyetakiwa kujibu kwa niaba yetu, alinitazama. Mimi nikatazama dari. Msemaji wa wakwe huwezi kumwambia ashushe koti kabla idadi ya mbuzi wa mahari haijatajwa. Basi koti likabaki pale wakati wa salamu, likabaki wakati wa soda, likabaki mpaka bahasha ya kwanza ilipofika mezani, na hapo ndipo tawi lilipokatika. Mbao za franjipani ni laini kama muhogo mbichi, na zinapovunjika hutoa maziwa meupe mazito yasiyosita. Yaliteremka kutoka kwenye kola mpaka mfukoni, juu ya kitambaa cha bluu iliyokolea.

“Koti yangu iko natoka maziwa?”

“Hapana, Muzee. Ni muti.”

“Muti gani?”

“Ya maua.”

Akautazama ule ufito, akaitazama ndoo, akanitazama mimi.

“Maua iko wapi?”

Shangazi yao ndiye aliyeanza kucheka. Walipotulia, mbuzi wawili waliongezwa, na nikaombwa pia nilipie dobi.

Laiti Mzee angenipa nafasi ya kujieleza! Franjipani ikikosa mvua na usiku ukiwa wa baridi, kama huku kwetu mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hupukutisha majani na kulala, ikiishi kwa maji iliyojiwekea matawini. Ni mti mkaidi kiasi kwamba tawi lililokatwa linaweza kuchanua kabla halijagusa udongo. Ukitaka kulipanda, kwanza uliache likauke wiki moja au mbili mpaka kidonda kizibe. Ukilichomeka bichi, linaoza. Maua hutoka kwenye ncha tu. Ncha ikishachanua, kwa kawaida haiendelei tena: matawi mapya huchipua chini yake na kufanya panda. Kwa hiyo mwenye macho huhesabu panda na kujua mti umechanua mara ngapi. Ile panda iliyobeba kofia ya Mzee ni kumbukumbu ya maua.

Na hayo maua ni matapeli! Harufu yake hukolea usiku ili kuwaita nondo wakubwa wenye mrija mrefu wa kunyonyea. Nondo hufika, huingiza mrija, hakuna kitu. Hakuna nekta hata tone. Huenda ua la pili, la tatu, akibeba chavua bila malipo, akitumaini kwamba linalofuata litakuwa na chakula. Mti huu ulitoka Amerika ya Kati na Karibi, na wataalamu wakauita Plumeria kwa heshima ya Charles Plumier, mtawa Mfaransa aliyefariki mwaka 1704, lakini kwa tabia ungeapa umezaliwa mtaa wetu.

Hata hivyo siuachi: Mei 2021, tulipoamriwa kuhama volkano ilipotusumbua, niliupakia kwenye chukudu, kile kibaiskeli chetu cha mbao, na kwenye mpaka wa Gisenyi nikaulizwa cheti cha afya cha mmea. Mbuzi wa jirani alikula majani yaliyokuwa yamebaki.

Watu wananiambia: si uupande nje? Nje gani? Lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya jiji mpaka ziwani, na hapa kwetu ukitaka shimo la mti unatafuta mtalimbo na vijana wenye nyundo, kisha unanunua udongo kwa gunia. Nao mwamba huo ukiupasua vipande ni mzuri sana ndani ya ndoo, maji hayatuami, mizizi inafurahi. Shida si jiwe. Shida ni kwamba kila parseli imegawanywa, ikagawanywa tena, mbao zimegusana na mbao, na jiko moja likianguka nyumba za mstari mzima zinawaka huku gari la zimamoto halina pa kupita. Mti huu unataka jua saa sita kwa siku. Chumbani kwangu jua linaingia kwa upana wa kiganja, tena linawahi kuondoka kwa sababu mtu amejenga ghorofa upande wa magharibi bila kumuuliza yeyote. Zile panda zote mti ulizipata kule ulikokatwa, kwenye bustani ya kando ya ziwa, nyuma ya ukuta wenye seng’enge, ambako kuna jua la kutosha na hakuna wa kulikalia ila mlinzi. Tangu uje Birere haujachanua hata mara moja.

Kwa hiyo asubuhi ninaupandisha juu ya bati la choo, jioni ninaushusha. Juzi mwenye parseli aliniona. Anasema bati ni lake, na kinacholiangukia bati ni chake, na sasa anataka dola tano zaidi kwa mwezi. Nimemjibu kwamba nitalipa siku za jua tu. Za mvua, yeye ndiye anilipe mimi maji. Bado tunabishana.