Mbuzi wa Komunyo

Kwetu Ndosho, mtaa wa Goma, mwaka una msimu wa wageni, nao huanza pale mvua za Machi zinapoanza kupiga mabati. Sijui nani aliwaambia jamaa zetu kwamba mvua ndiyo wakati mzuri wa kusafiri. Nadhani ni sherehe tu: Pasaka, harusi zilizosubiri Kwaresima iishe, Komunyo ya kwanza, na kila sherehe ina shangazi wake. Mwaka 2021 ulizidi. Korona ilikuwa imefunga shule Desemba, zikafunguliwa mwishoni mwa Februari, na kila kilichoahirishwa kikatuangukia miezi ileile. Mama watoto aliandika ratiba kwa kalamu nyekundu nyuma ya kalenda ya duka la simenti, akaibandika karibu na mlango. Pasaka, tarehe 4 Aprili. Harusi ya mpwa wake. Komunyo ya kitinda mimba wetu, Jumapili ya Pentekoste, tarehe 23 Mei. Pembeni akaandika "mbuzi" na kupigia mstari.

Wa kwanza kufika alikuwa shangazi yangu wa Bukavu. Alikuja kwa boti, na kama watu wote wa Bukavu wanapofika Goma, alikuja na uso wa mkaguzi. Wao wana milima ya kijani na matope. Sisi tuna mawe ya volkano, meusi, yenye meno, nao hawaelewi mtu mwenye akili anawezaje kujenga juu yake. Kisigino cha kiatu chake kilibaki kati ya mawe mara tu alipoiacha barabara ya Sake. Akaingia nyumbani akichechemea, na salamu yake ya kwanza ikawa: "Sasa hapa choo mulichimba na nini?"

Swali lilikuwa la haki. Choo cha Ndosho hakichimbwi, kinavunjwa. Unawaita vijana wenye nyundo na mitaimbo, wanagonga mpaka mtaa mzima unaumwa kichwa, na shimo likifika kimo cha mtoto wanaketi pembeni na kudai nyongeza. Shangazi alikitazama chetu kwa heshima ambayo nilikuwa nimeiona kwake kanisani tu.

Heshima hiyo iliishia kwenye maji. Goma ina ziwa zima mlangoni, lakini bomba letu lilikuwa halijatoa hata tone tangu sijui lini. Maji yalitufikia kwa bidoni za lita 20 juu ya chukudu, ule mtambo wa mbao wa magurudumu mawili usio na pedeli, ambao mji uliuenzi kwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Sheria ya nyumba ilikuwa bidoni moja kwa mtu. Shangazi alioga mbili asubuhi na mbili jioni, akisema vumbi la Goma linaingia mpaka ndani ya mifupa. Mama watoto hakusema kitu, maana shangazi wa mume haambiwi kitu. Alianza tu kuhesabu bidoni kwa sauti, uani, kila jioni, kwa mahadhi ya litania. Watoto wakawa wanaitikia.

Kisha akaja baba mkwe kutoka Vitshumbi, mvuvi wa Ziwa Edward tangu ujana wake, na kikapu cha samaki wa kukaushwa kilichotangulia kufika kwa harufu. Alikuja kwa Pasaka. Baada ya Pasaka akasema atakaa kidogo, aone Komunyo. Chumba chetu cha kulala kikawa chake. Mimi na mama watoto tukahamia sebuleni, tukalala tukitazamana na miguu ya meza.

Na hao walikuwa wageni rasmi. Kwa ajili ya korona serikali ilikuwa imekataza watu kutembea usiku. Walioitunga amri hiyo walikusudia kupunguza mikusanyiko, kwetu iliizalisha. Mtu aliyepita kusalimia tu saa kumi na mbili jioni alijikuta ghafla anaitazama simu yake kwa mshangao mkubwa. "Eee! Saa imepita. Sasa tutafanya je?" Sote tulijua tutafanya je. Godoro likavutwa. Shemeji yangu mmoja wa mtaa wa Majengo alikuwa anasahau saa kila Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku mama watoto anapokaanga sambaza.

Jumatatu ya Pasaka watoto walitaka ziwa. Tulikodi pikipiki mbili. Dereva wa kwanza alihesabu vichwa, akaitazama sufuria ya bugali na sombe niliyokuwa nimeikumbatia, akasema sufuria inalipa kama mtu. Ikalipa. Kulifikia ziwa lenyewe ni safari nyingine, kwa sababu sehemu kubwa ya ufuko wa Goma imezungushiwa kuta za mahoteli na za majumba ya wakubwa. Sisi wengine tunapita vichochoroni, mpaka pale akina mama wanapofua na vijana wanapojaza bidoni zilezile zinazotufikia Ndosho kwa pesa.

Watoto wakaingia majini. Nami nikabaki na nguo zangu, maana mtu na baba mkwe wake hawavuliani mashati. Mzee alikuwa amesimama mbali kidogo na maji, akiyapima kwa macho.

"Viboko vyenu viko wapi?" akaniuliza.

"Hakuna, baba."

"Mamba?"

"Pia hakuna."

"Ziwa kubwa hivi, halina mwenyewe?"

Hapo mwanangu wa sekondari, ambaye masomo yake hayakumbukwi siku ya mtihani, yakamjia yote. Akamweleza babu yake kwamba chini kabisa ya Ziwa Kivu kuna gesi iliyoyeyuka majini: methani yapata kilomita za ujazo 60, na kaboni dayoksidi mara kadhaa ya hiyo. Vilindi vikivurugika, ikapanda yote kwa pamoja, mtu hana pa kukimbilia. Akamtolea mfano wa Ziwa Nyos kule Kameruni, ambalo mwaka 1986 lilitoa gesi usiku na kuua watu zaidi ya 1,700, wengi wakiwa wamelala.

"Hiyo gesi inaonekana?" mzee akauliza.

"Hapana, koko."

"Inanuka?"

"Hapana."

Mzee alirudi nyuma mpaka ukutani. "Kiboko ninakisikia," alisema. "Kinapumua, kina masikio, kinakasirika mbele yako. Sasa hii yenu ni nini?" Alikula bugali yake amesimama, viatu mguuni, uso umelielekea ziwa.

Mbuzi tulimtafuta katikati ya Mei, baada ya harusi, ambayo sitaisimulia kwa sababu waliohusika bado wanaongea. Mbuzi Goma hununuliwa kwa dola, na dola ya Goma lazima iwe bikira. Noti yenye mpasuko wa upana wa kucha haipokelewi na mtu, hata kama wachumi wa dunia nzima watakuja kuitetea. Muuzaji aliiinua ishirini yangu juani, akaikunja, akaikunjua, akanirudishia. "Hii ni mgonjwa." Nikamwonyesha kwamba mbuzi wake mwenyewe sikio limechanika mpaka nusu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba sikio la mbuzi halipelekwi benki.

Shangazi ndiye aliyeokoa sherehe. Alifungua fundo la kitenge, akatoa noti mpya inayolia ikiguswa. Tangu hapo mbuzi akawa wake. Alimfunga barazani karibu na chumba alicholala, akamlisha maganda ya ndizi, na mtu yeyote akitaja mbuzi wa Komunyo alimsahihisha.

Jumamosi tarehe 22 Mei kila kitu kilikuwa tayari. Gauni jeupe lilipigwa pasi ya makaa, likatundikwa mlangoni. Viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa kwa majirani. Sombe ilikuwa juu ya mbabula tangu mchana. Jioni, mnamo saa moja, mtoto mmoja aliingia akasema mbingu imekuwa nyekundu. Tukamwambia aende kunawa. Kisha umeme ukakatika, na nyumba nzima ikabaki inaonekana vizuri tu.

Mlima Nyiragongo, volkano yetu, ulikuwa umefunguka. Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa; tuliuona Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mama watoto alichukua vyeti na mtoto mdogo. Mimi nilichukua godoro. Mwanangu wa sekondari alichukua redio, akaacha betri. Shangazi alikuwa tayari amesimama langoni, valizi kichwani na kamba ya mbuzi mkononi. Mpaka leo sijui alilifunga lile valizi lini. Ninashuku halikuwahi kufunguliwa. Baba mkwe aliuliza swali moja tu: tunakokwenda ni upande wa ziwa au sivyo?

Anayekimbilia magharibi hana njia nyingine ila barabara ya Sake, na barabara ya Sake inapita Ndosho. Nusu ya mji ikawa inapita mbele ya mlango wetu: magodoro vichwani, televisheni zimebebwa mgongoni kwa kitenge, bibi kizee ameketi juu ya chukudu akiwaelekeza wanaomsukuma. Wengi walikuwa wageni wetu wa kesho yake. Shemeji wa Majengo alifika na familia yake yote, akihema, akaingia uani badala ya kuendelea.

"Sombe imeiva?" akauliza.

Ilikuwa imeiva. Tulikula wima, kwa haraka, kila mmoja akitazama mbingu na sufuria kwa zamu, kisha tukaingia kwenye msafara. Kitinda mimba alikataa kuliacha gauni lake, akalivaa juu ya sweta. Lilitufaa kuliko tochi. Katika giza lile la watu maelfu sote tulifuata kitu kimoja cheupe kilichokuwa mbele, na njiani mama mmoja asiyetujua, mwenye mzigo wake kichwani, alimpa mtoto pongezi za Komunyo. Mbuzi ndiye aliyetuchelewesha. Kila penye mlima kidogo aliketi. Shangazi naye akaketi pamoja naye, akisema hawezi kuiacha dola ishirini barabarani.

Asubuhi habari zikasambaa kwamba lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, tukageuza kurudi. Niseme wazi, ili mtu asidhani Goma ilikuwa inacheza: watu zaidi ya 30 walikufa, na upande wa juu wa mji familia nyingi zilirudi zikakuta mwamba unaofuka moshi mahali palipokuwa na nyumba. Sisi tulikuta viti vya plastiki vimepangwa kama tulivyoviacha, vinasubiri wageni. Misa ya Komunyo iliahirishwa.

Ardhi haikutulia. Ilitikisika mchana na usiku, vikombe vikagongana kabatini, nasi tukahamishia magodoro uani, hivyo nikapumzika kutazamana na ile miguu ya meza ya sebuleni. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 27 Mei, Jenerali Constant Ndima, gavana wa kijeshi aliyekuja na amri ya hali ya dharura mwanzoni mwa mwezi, alitangaza kwamba watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame mara moja. Jirani aliweka redio juu ya ukuta. Majengo. Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini. Bujovu. Virunga. Murara. Tulisikiliza mpaka mwisho wa orodha. Ndosho haikutajwa.

Furaha yetu haikungoja hata chai. Mama watoto ndiye aliyeelewa kwanza. Alihesabu kwa vidole mitaa iliyotajwa na ndugu tulio nao ndani yake, akaniambia niende kutafuta mwenye chukudu kabla bei ya bidoni haijapanda. Sikuwa nimefika mbali nikakutana na shemeji wa Majengo, godoro kichwani. Safari hii hakuhitaji kutazama saa.

Tangazo lilikuwa limesema pia kwamba magma iko chini ya mji na chini ya ziwa, na kwamba hatari ya gesi ipo. Baba mkwe alilisikiliza mara ya pili ili kuhakikisha. Hakusema "niliwaambia", kwa kuwa ni mtu mwenye adabu. Alifunga kikapu chake tu, akaenda kuketi barabarani, akimuuliza kila dereva kama anakwenda penye viboko.

Jioni hiyo nyumba ilikuwa na watu ambao sikuweza kuwahesabu kwa sababu hawakutulia, na chakula hakikuwepo. Maduka yalifungwa, nao wauza sokoni walikuwa njiani kama wengine. Macho yote yakamgeukia mbuzi. Shangazi alipinga, kisha akakubali kwa masharti, likiwemo la kusimamia mgawo. Shemeji wa Majengo, ambaye ni Mwislamu, ndiye aliyechinja, ili pasiwe na mtu wa kukosa. Kwa hiyo mbuzi wa Komunyo alichinjwa na Mwislamu, akaliwa hasa na Wabaptisti wa upande wa mke wa mdogo wangu, na mwenye Komunyo mwenyewe alikuwa amelala.

Kesho yake shangazi alishuka bandarini, na kwa wema ambao hadi leo unanishangaza, akachukua sehemu ya wageni wetu kwenda nao Bukavu, kwenye nyumba yenye bomba. Mwanzoni alipiga simu kutupa pole. Kisha akawa anapiga kuulizia volkano kila siku, kwa shauku iliyozidi ya wanasayansi. Mwanzoni mwa Juni serikali ilipotangaza kwamba watu wanaweza kuanza kurudi, simu yake iliniamsha kabla ya jogoo.

"Mulima umenyamaza?"

"Umenyamaza, shangazi."

"Basi kuya uchukuwe batu bako. Banaoga bidoni mbili asubuhi, mbili jioni, banasema ni vumbi."