Mkurugenzi Mtendewa

Sogea kidogo hapo kwenye benchi, jirani. Hapo hapo panatosha, mimi siku hizi nimepungua. Na kama una buku mfukoni usinionyeshe. Nitaikopa, halafu tutaanza kukwepana njia, na uchochoro wenyewe ni mmoja.

Yaani mwaka huu nilisema lazima nijiendeleze. Sijui nani alinituma. Umri unakwenda, nywele zinakwenda, kinachorudi ni kodi ya nyumba tu. Nikaenda Posta, pale Samora wanapotandaza vitabu chini, nikanunua viwili kwa elfu nane. Nilibembeleza bei mpaka muuzaji akaanza kuniita mjomba. Kimoja cha Napoleon Hill, Think and Grow Rich, kimetoka 1937. Fikiria, 1937! Wenzetu wanafikiri na kutajirika tangu Mwingereza yuko hapa anatukamua kodi ya kichwa, mimi ndiyo kwanza nauliza bei. Cha pili cha Robert Kiyosaki, cha 1997, Rich Dad Poor Dad. Anasema yeye alikuwa na baba wawili wa kumfundisha mambo ya hela, mmoja maskini mmoja tajiri. Mimi nilijaliwa baba mmoja tu, na ukimtafuta humo kitabuni utamkuta ule upande usiokuwa na gari. Kiingereza kilinigomea ukurasa wa kumi na moja. Vitabu vyote viwili sasa vimeshikilia mguu wa kabati.

Basi nikasikiliza kwenye simu. Humo kila mtu anasema waliofanikiwa wanaamka saa kumi alfajiri. Sawa, nikaamka. Hawakusema ukishaamka ufanye nini. Nyumba yenyewe ya kupanga, vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja. Nikasimama uani na bukta, nimefumba macho, najisemea kama nilivyoelekezwa: mimi ni mshindi, mimi ni mshindi. Mpangaji wa chumba cha nne akafungua mlango aende chooni. Jirani, yule dada alipiga ukelele ule wa kuamsha mtaa. Kulipokucha mwenye nyumba akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kama nina mambo yangu ya usiku nikayafanyie kwetu. Mpaka leo watoto wa uani wakiniona wananyamaza.

Na kumbe hiyo saa kumi mama wa vitumbua alikuwa ameshamaliza ndoo ya kwanza. Yeye anaamka saa tisa. Aliniona pale na bukta, akanitazama, akageuza kitumbua.

Nikaambiwa tena, bandika ukutani picha za maisha unayoyataka. Nikakata gazetini jumba moja zuri, geti jeusi, bustani, nikabandika juu ya kitanda. Sikuangalia vizuri. Mlangoni kasimama dada mmoja na gauni la njano, anacheka. Mama watoto akaitazama ile picha siku mbili bila neno. Ya tatu akasema, "Baba watoto, nyumba nimeiona. Huyu ni nani?" Nikamwambia amekuja na nyumba. Nililala kwenye kochi, na kochi letu unalijua, lina misumari.

Lakini kilichonimaliza ni semina. Semina ya ujasiriamali, kiingilio msimbazi mmoja, chai ni juu yako. Mwalimu kavaa suti ya vipande vitatu kwenye joto hili la Dar, hatoki jasho hata tone. Mimi natoka kwa niaba yake. Akasema, kila anayeamini ni bilionea anyooshe mkono juu. Nikanyoosha kwa imani. Shati likapasuka kwapani, kraa, ukumbi mzima ukasikia. Nikabana mkono, nikabaki bilionea mwenye mkono mmoja. Akaendelea: "Sasa mgeukie jirani yako, mtazame machoni, umwambie, wewe ni tajiri!" Nikageuka. Nani amekaa? Mangi wa duka la kona. Namkwepa tangu mwezi wa pili. Akanitazama machoni kama alivyoagizwa, akasema, "Wewe ni tajiri." Halafu akashusha sauti, "Kumbe unazo. Nataka elfu thelathini na tano yangu."

Baada ya chakula ambacho hakikuwepo, wakatufundisha sabuni ya maji. Nchi hii ukisema neno ujasiriamali tu, mtu anakuletea ndoo na mwiko. Na mafunzo hayo SIDO, wale wa viwanda vidogo, wanatoa, wapo tangu 1973, nimepita mbele ya ofisi yao pale Upanga mara ngapi sijui. Lakini SIDO hawakuniita bilionea, nikaona hawana jipya.

Sabuni yenyewe kwa maneno ni rahisi. Una asidi ya salfoniki, nzito, nyeusi nyeusi kama oili iliyomwagwa kwenye fuso. Una slesi, iko kama ute. Una soda ashi ya kuiua ile asidi, maana usipoiua itakuchubua vidole. Glisirini, rangi, pafyumu, maji lita ishirini. Unakoroga upande mmoja, usibadilishe, wanasema ukibadilisha inakatika. Mwisho unatia chumvi. Chumvi ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito. Hapo nilisikia vizuri. Halafu mwalimu akasema jambo lingine kuhusu chumvi, na mimi wakati huo nilikuwa nachungulia kwapa.

Nikapiga hesabu kwenye kalikuleta usiku ule. Unazijua hesabu zile, ni dada zake na zile za matikiti maji: mche mmoja matunda matatu, eka moja miche kadhaa, zidisha, mwaka wa pili unanunua basi. Mimi kufikia saa sita usiku nilikuwa na kiwanda na walinzi wawili. Nilishamfukuza mlinzi mmoja.

Kesho yake Kariakoo. Vifaa vikala hela ya ada ya mtoto, mama watoto hajui, na wewe hujui. Nikakoroga uani, upande mmoja, saa nzima, bega likaniuma. Nikatia chumvi. Ikaanza kuwa nzito, nzuri, inavutika. Moyo ukanienda mbio. Nikasema ngoja iwe nzito zaidi, niwakomeshe wenye viwanda. Nikatia pakiti nyingine. Ikalegea. Nikaona chumvi haijatosha, nikatia nyingine. Jirani, ile kitu ikawa maji! Maji matupu ya kijani! Ndilo jambo lenyewe alilolisema mwalimu: chumvi ina kipimo chake, ikipita hapo uzito wote unarudi ulikotoka. Watu wote ukumbini walilisikia. Hata Mangi alilisikia.

Nikaiacha ilale povu litulie, labda kukicha itakuwa na akili. Kukicha ilikuwa maji yaliyolala vizuri. Mama watoto akachovya kidole, akasema, "Sasa hii tunakunywa au tunaogea?"

Nikabeba madumu nikayamwage bondeni kabla watu hawajaamka. Pale kuna vijana wanaoosha bodaboda. Mmoja akaniuliza, "Mzee, nini hiyo?" Aibu ikanifanya niseme, shampuu ya vyombo vya moto. Nilitoa wapi? Sijui. Akamwagia kidogo kwenye pikipiki. Povu likaja, maana sabuni yote si imo humo, kilichopotea ni uzito tu. Na ikasuuzika haraka kuliko ile nzito, na pale maji wananunua kwa ndoo. "Mzee, hii kali! Ile nyingine tunahangaika kuizimua. Hii umeizimua kitaalamu." Akanunua yote, elfu kumi na mbili. Akanipa na elfu kumi na tano ya kutanguliza, nilete madumu mengine mawili Jumamosi.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nilitoka bondeni natembea katikati ya barabara. Nikasimama dukani kwa Mangi nikawahutubia watu waliokuja kununua mkaa, juu ya ubunifu, kwamba siri ni kuona pengo sokoni. Neno pengo nimelisema kama mara tisa. Kumlipa Mangi sikumlipa, nilimwambia fedha iko kwenye mzunguko. Nikaenda steshenari kuchapa kadi za biashara mia moja. Ile elfu kumi na tano yote. Kijana wa steshenari anaandika huku anaangalia mpira. Nimezipokea kwa furaha, nimezigawa mtaa mzima, msikitini, kwenye daladala, mpaka shemeji akanipigia kucheka. Kadi zimeandikwa jina langu, chini yake, kwa herufi za dhahabu: MKURUGENZI MTENDEWA.

Ijumaa nikakoroga tena. Nikatia chumvi pakiti moja. Ikawa nzito. Nikasema poa, sasa iharibu. Lakini mara ile niliiharibu kwa pakiti ngapi? Tatu? Nne? Mtu unaharibu kitu unahesabu? Chumvi yenyewe ikaniishia, na ndoo imesimama kama uji wa mgonjwa, mwiko hauanguki. Sabuni nzuri kabisa, jirani, ile ya kwenye semina, ya kupiga nayo picha. Nikakimbia kwa Mangi, nikopeshe chumvi pakiti tatu. Mangi akakunja mikono. "Chumvi ya jero unakopa? Wewe si tajiri? Toa kwenye mzunguko."

Nikaongeza maji. Ulitaka nifanyeje? Nikaongeza ndoo nzima mpaka ikalegea kama ile ya kwanza, kwa macho huoni tofauti. Jumamosi nikaipeleka nimenyoosha shati, lile la kwapa, limeshonwa. Kijana akamwagia pikipiki, akasugua, akasugua tena. Povu likatoka dogo, likatuangalia, likaondoka. "Mzee, hii umetia maji." Mimi nikasema na ile ya kwanza ilikuwa maji. "Ile ilikuwa na sabuni ndani. Lete hela yetu."

Hela yao ninayo, iko kwenye kadi. Nimemuonyesha hata kadi yenyewe. Akaisoma polepole, akawapa na wenzake wakaisoma. Wakaniambia basi, pikipiki moja wananihesabia mia tano, nisugue thelathini tumalizane.

Leo nimefikisha kumi na moja, ndiyo maana unaona vidole vimekunjamana hivi. Na sabuni wananipa ile nzito ya dukani, niizimue mwenyewe. Nilipokuwa kwenye ya kumi, akaja mteja na bodaboda yake ina matope mpaka kwenye taa. Akachuchumaa ananitazama, akatoa kitu kwenye pochi, akakitazama, akanitazama tena.

"Samahani mzee wangu. Ndiyo wewe Mkurugenzi Mtendewa?"

Nikasema ndiye.

"Shikamoo. Usisahau na hapo ndani ya rimu."