Namna ya Kusimamisha Jumba Lililoanguka kwa Simu ya Mkononi

Vifaa: simu yenye chaji, picha moja ya zamani, karatasi iliyochorwa kama ubao wa drafti, chaki, na kanga. Muda: muhula mzima. Wafanyakazi: wewe, na mwenzako mmoja asiyeogopa kukwambia kazi yako ni mbaya.

Jumba lenyewe ni Beit al-Ajaib, Forodhani, Unguja. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likawa na baraza pana zilizoshikwa na nguzo za chuma kila ghorofa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Nayasema haya kabla hujagusa kitu, kwa sababu mahali utakapocheza na programu yako ni mahali watu walipofia. Cheza, ila ujue umesimama wapi.

Kazi yako ni hii: mpita njia ainue simu, auone mnara umerudi pale pale ulipokuwa, na akisogea mnara usisogee naye. Hiyo ndiyo elimu inayoitwa uhalisia ulioongezwa. Mwaka 1997 Ronald Azuma aliiwekea masharti matatu ambayo hayajazeeka: cha kweli na cha kubuni vionekane pamoja, viitikie papo hapo, na cha kubuni kikae mahali pake katika pande zote tatu za nafasi. Sharti la tatu ndilo litakalokutoa jasho. Na dawa yake utaikuta katika somo la upigaji picha, lile unalolikimbia kila Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzima kompyuta. Iweke picha ya zamani karibu na dirisha, uitazame mpaka chai ipoe. Umeona nini? Jumba. Haya, tazama tena: mnara uko wapi? Ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba, picha ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipoupiga mji mizinga kwa muda usiofika saa moja. Mnara ule uliharibika siku hiyo. Jumba lilipofanyiwa matengenezo mwaka 1897, mnara mpya wa saa uliunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Mwanafunzi asiyetazama huchukua picha moja ya A. C. Gomes, yule Mgoa aliyekuwa na studio mjini katika karne ya 19, akaichanganya na nyingine ya miaka ya studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930, kisha akasimamisha jumba lenye minara miwili. Jumba hilo halijawahi kuwepo duniani.

Tazama na anga. Katika picha nyingi za wakati ule anga ni jeupe pe, nawe utadhani Unguja haikuwa na siku ya buluu. Dawa iliyopakwa kwenye vioo vya kamera za zamani iliuona upesi mwanga wa buluu na kuuona kwa shida mwekundu. Buluu ikatoka nyeupe, nyekundu ikatoka karibu na nyeusi. Ukikisia rangi za kuta kutokana na kijivu hicho, utakuwa umesema uongo wa ghorofa tatu. Mnara wako uache kijivu. Anayeuangalia ataelewa mara moja kipi ni jiwe na kipi ni kumbukumbu.

Hatua ya pili: simama aliposimama mpiga picha. Hapa pana imani potofu ambayo naipinga kila mwaka, kwamba lenzi ndiyo inayopanga vitu vilivyo mbele na vilivyo nyuma. Si kweli. Lenzi hukata tu kipande cha kuonesha. Mpangilio huletwa na mahali miguu yako ilipo. Chagua katika picha kitu cha karibu na cha mbali vinavyokaribiana, tuseme nguzo na kona ya dirisha la nyuma yake. Shika picha mkononi, uvitafute vitu hivyo kwa macho. Ukiona nguzo imekwenda kulia mno kuliko ilivyo kwenye picha, wewe umekwenda kushoto mno. Rudi kulia, nusu hatua. Kisha rudia kwa jozi nyingine ya vitu. Zikikubaliana zote, piga alama ya chaki kati ya nyayo zako. Hapo alisimama mtu na kamera ya miguu mitatu, kichwa chake ndani ya kitambaa cheusi. Kila mwaka yupo mwanafunzi anayenyamaza ghafla akifika kwenye alama hiyo, nami simsemeshi.

Karatasi ya drafti sasa. Lenzi ya simu hupinda mistari iliyonyooka, hasa pembezoni, na mnara uliochorwa kwa mistari iliyonyooka hautakaa sawa juu ya dunia iliyopindwa. Bandika karatasi yako kwenye kitu bapa, uipige picha ishirini hivi kwa pembe tofauti, uipe programu ihesabu kiasi cha kupinda. Mbinu hii aliieleza Zhengyou Zhang mwaka 2000. Kazi ya asubuhi moja, ukitoka hapo hutaifikiria tena.

Halafu ijulishe simu mahali ilipo. Simu hushika pembe na madoa, vile vitu vidogo vinavyotofautiana na jirani zake, ikavifuata unapotembea. Uielekeze kwenye mlango wa Kizanzibari wenye nakshi, itashika mara moja na haitaachia. Ukuta uliopakwa chokaa juzi huipoteza kabisa, na maji ya bahari huiyumbisha maana hayatulii. Nguzo nazo zinafanana kama mapacha, na simu hudhani ya tatu ni ya nne. Mnara wako utaruka hatua tatu kwa kishindo. Tafuta upande wenye kasoro: ufa, bamba la plasta lililobanduka, waya uliolegea. Huo ndio utakaokubeba.

Funga pia kipimo cha mwanga cha kamera kwa mkono. Ukiiachia simu ijiamulie, anga likiingia kwenye fremu itatia giza kila kitu isipokuwa mnara wako, nao utang'aa kama tangazo la soda.

Kanga ni ya kujifunika wewe na simu, kwani juani kioo hakionekani. Ndiyo, utafanana na yule wa kitambaa cheusi.

Muhula mmoja tulikuwa tumejifunika hivyo, wanafunzi wawili na mimi, mzee aliyekuwa kwenye benchi akaja taratibu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Mwapima kiwanja?"

Tukamfunika naye, tukampa simu. Alitazama kwa muda mrefu, akaishusha, akatazama jumba kwa macho yake, akaiinua tena.

"Mnara nauona. Lakini haukukanyaga."

"Haukukanyaga vipi, babu?"

"Kitu kizito kikikaa, chini yake huwa na giza. Huu nyie mmeuanika."

Wiki tatu tulikuwa tunahangaika na vipimo, na vipimo vilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kivuli, hasa ule utepe mwembamba wa giza pale vitu viwili vinapogusana, mahali mwanga hauingii. Uangalie mguu wa kiti ulichokalia sasa hivi, utauona. Wanafunzi wakauchora usiku ule ule, upana wa vidole viwili, na kesho yake mnara ulisimama.

Kivuli kikubwa nacho kina ratiba yake. Unguja iko nyuzi sita hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, na mchana wa siku hizo kivuli cha mnara hujikunja miguuni pake. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, Desemba liko kusini. Programu yako isome tarehe na saa, ipige hesabu, ikilaze kivuli upande ule ule vilikolala vivuli vya minazi ya Forodhani. Uso wa jumba unatazama baharini, mwanga wake mzuri ni wa alasiri.

Simu ikipata moto na kufifisha kioo chake, iweke kivulini ipumzike, ukanywe juisi ya miwa. Saa kumi jioni rudi kwenye alama yako ya chaki, ukamtafute mzee.