Saa Moja, Ish

Katika maneno yote ya Kiingereza yaliyowahi kunitesa, hakuna linaloifikia silabi moja ndogo, "ish". Wenyewe huipachika mwishoni mwa neno pale wasipotaka kubanwa. Zamani ilikuwa na kazi ya heshima, kutaja watu wa mahali na lugha yao, ndiyo maana imo kwenye "English", "Swedish" na "Spanish". Ikaingia kwenye tabia, tukapata "childish" na "foolish". Mpaka hapo Mswahili hana cha kushangaa, maana ki- yetu inafanya kazi hiyohiyo kwa upande wa mbele: Kiingereza, Kihispania, kitoto, kijinga. Wenzetu hawakuishia hapo. Zama za Kati wakaipachika kwenye rangi, karne ya 20 wakaipeleka kwenye saa, na karne hiyo haijaisha ikakatika kabisa, ikawa inacheza peke yake kama mkia wa mjusi. Siku hizi unamuuliza Mwingereza, "Umeshiba?" Anakujibu, "Ish."

Wamarekani nao wameipeleka hadi kwenye televisheni. Mwaka 2014 walianza kuonyesha tamthilia ya vichekesho, Black-ish, yenye baba Mweusi mwenye nazo anayehofia kwamba wanawe wamebaki weusi-weusi tu. Mtunzi wake anaitwa Kenya Barris. Kenya kamili, bila mkia.

Sasa tuje kwenye kasheshe la saa. Mwenzangu mmoja wa kazini, hapa Leicester, alitualika chakula cha usiku, "sevenish". Nikarudi nyumbani na habari kwamba tunatakiwa saa moja hivi.

"Saa moja ipi, Baba Zuhura?" mama watoto akauliza. "Ya kwao au ya harusini?"

Swali la msingi hilo. Kadi ya harusi Dar es Salaam huandikwa saa 12:00 jioni, na mgeni anayeiamini kadi huwakuta wapambaji bado wanavisha viti vitambaa. Nikamwambia huku watu wanakwenda na saa, tuwahi. Saa moja kasoro dakika kumi tukawa mlangoni, yeye na mtandio mpya, mimi na bakuli la kachori. Mwenyeji akafungua akiwa na taulo shingoni na povu la shampuu sikioni. "Mmewahi!" akasema, na sauti yake haikuwa ya kusifu. Akatuketisha sebuleni, akatuwashia televisheni, akapotea. Mama watoto alipochungulia jikoni alikuta viazi bado vina maganda. Akavimenya yeye.

Mwaliko uliofuata tukaenda saa mbili na robo. Meza ilikuwa imeshafutwa, sahani zetu mbili zimefunikwa pembeni, na wageni wengine wanatutazama kwa upole wa msibani.

Baada ya kuuliza huku na huku ndipo nilipoambiwa kanuni ambayo haimo kwenye kamusi yoyote niliyonayo: "ish" ya mwaliko hairudi nyuma. "Sevenish" inaanza saa moja kamili na inakata roho robo saa baadaye, nusu saa mwenyeji akiwa mpole. Ukifika kabla umevamia, ukifika baada umedharau. Yaani hata kukadiria kunataka usahihi! "Hivi" yetu ina huruma zaidi. Saa moja hivi inakupokea tangu magharibi mpaka adhana ya isha, na chakula utakikuta.

"Ish" angalau unaiona inakuja. "Quite" ni mnafiki. Bosi wangu, mzaliwa wa hapahapa, aliandika juu ya ripoti yangu "quite good". Kesho yake nikapeleka sambusa ofisini. Mfanyakazi mwenzetu kutoka Marekani akanipa mkono wa pongezi, maana kwao maneno hayo ni "nzuri sana". Mwingereza wa meza ya pili akachukua sambusa mbili, akanipigapiga bega na kunisihi nisikate tamaa. Kwao ni "inapitika". Lugha moja, maneno yaleyale, na sambusa zilishaliwa.

Lakini lililonigharimu hasa ni la fundi bomba. Nilimuuliza bei ya kuziba bomba la bafuni, akasema "a couple of hundred, ballpark". "Couple" mimi naijua ni wawili, kama mke na mume, nikaandaa pauni 200. Ankara ikaja ya pauni 340. Nilipolalamika akanifafanulia bila haya kwamba "ballpark" ni uwanja wa besiboli, na bei ikidondokea ndani ya uwanja basi imelenga. Sasa nani kawahi kuuona uwanja mdogo wa besiboli?

Hapo ndipo nilipomaliza utafiti wangu. Maneno haya yote humfungua anayesema na kumfunga anayesikia. Aliyesema "sevenish" alibaki huru kuoga, niliyesikia ndiye niliyetakiwa kuibahatisha ile robo saa. Fundi naye kasema neno moja tu, mimi nikalipa pauni 140 za ziada.

Kwa hiyo ndugu yangu unayekuja huku, fundi akikutajia "ballpark", mpe kalamu aandike tarakimu na kuweka sahihi kabla hajafungua boksi la spana. Ataguna, lakini ataandika.